Kufufua boti ndogo ya zamani ya alumini: maswali yanayoulizwa kila mara

Haya maswali nimeyajibu sana kwa simu na WhatsApp, hasa kwa ndugu zetu wa Kigoma, Uvira na Baraka, miji ya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, waliohamia huku Marekani, Minnesota na majimbo ya jirani, watu waliozaliwa na ziwa mlangoni, wanakuta boti ya futi 14 imelala kwenye nyasi nyuma ya nyumba ya mtu inauzwa bei ya kutupa na moyo unawaruka. Nimeona niyaweke pamoja. Boti yangu ni ya 1976, futi 14, ya riveti (zile pini za alumini zinazogongwa kuunganisha mabati), niliifungua yote nikairudisha, kwa hiyo mengi ya hapa nimeyashika kwa mikono.

## Kabla ya kununua

Boti ya alumini ya miaka 40 au 50 bado inafaa kweli?

Inafaa, na wengi hawaamini mpaka waione. Alumini haipati kutu kama chuma, ikikutana na hewa inajifunika ngozi nyembamba inayoilinda, ukiikwangua ngozi inarudi yenyewe. Boti nyingi za enzi hizo zilitengenezwa hapahapa Minnesota na Wisconsin, majina kama Alumacraft, Lund, Crestliner, MirroCraft utayakuta kila ziwa.

Kinachoua hizi boti mara nyingi sio bati lake, ni vitu vilivyogusana nalo: ubao uliooza, fomu (ile sponji ngumu ya kuelesha boti) iliyonyonya maji, zulia bichi, msumari wa chuma, sarafu iliyoanguka. Ukishalielewa hilo, karibu majibu yote ya huku chini yanajipanga.

Nikienda kuikagua niangalie nini?

Anza nyuma, usianze na rangi. Tezi, yaani ule ukuta wa nyuma unapofungwa mashine, ndani yake kuna ubao. Kama mashine imefungwa ishike kichwani uivute kwako na kuisukuma, ukiona tezi nzima inapumua basi ubao umekwisha. Kama haina mashine chomeka bisibisi kwenye tundu la bolti, ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, umepata jibu. Hiyo sio sababu ya kuiacha, ni sababu ya kushusha bei, kwa sababu ubao unabadilishwa (angalia swali la tezi).

Halafu piga magoti uangalie chini, pita na kidole mstari wa mkuku (ule uti wa chini katikati) na mistari ya riveti. Riveti iliyolegea ukiibonyeza inacheza, mara nyingine ina duara jeusi kuizunguka. Mikwaruzo na vibonyeo haviniogopeshi. Nyufa kwenye kona za tezi na pale mataruma (mbavu za ndani) yanapokutana na mkuku, hizo ziangalie vizuri, maana zinaonyesha boti imekuwa ikijikunja kwa muda mrefu. Na uombe kuinua zulia au sakafu hata pembe moja tu. Muuzaji akikataa katakata, mimi naondoka.

Na makaratasi?

Boti zilizotengenezwa Marekani kuanzia Novemba 1972 zina namba ya herufi na tarakimu 12 nyuma kwenye tezi, upande wa kulia ukiwa umetazama mbele. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye karatasi ya usajili. Hapa Minnesota boti ya futi 16 kushuka chini haidaiwi hati ya umiliki, inadaiwa usajili tu, lakini majimbo mengine yana sheria zao kwa hiyo uliza ofisi ya kwenu kabla ya kutoa hela. Na usiondoke bila karatasi ya mauziano yenye sahihi, namba ya boti na tarehe, hata kama ni dola 100. Trela nalo liwe na karatasi yake, watu wanalisahau.

Itanigharimu kiasi gani yote?

Mimi nilitoa dola 400 boti na trela, halafu kama 350 za vifaa, bila mashine. Hela nyingi ilikwenda kwenye epoksi (gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu), plaiwudi na fomu. Rangi haikunila sana kwa sababu nje sikupaka (angalia swali la rangi).

## Kuvuja

Nitajuaje inavujia wapi?

Geuza akili: badala ya kuitumbukiza majini utafute maji yanaingilia wapi, weka maji ndani uangalie yanatokea wapi. Boti ikiwa juu ya trela, funga kizibo cha tundu la kutolea maji nyuma, futa tumbo la nje likauke kabisa, paka unga wa chaki kwenye mistari ya riveti, kisha fungulia mpira wa maji ndani. Tone la kwanza linachora mstari kwenye chaki, unazungushia kalamu.

Ila usijaze! Hapa watu wanapinda boti. Maji ya kina cha sentimita 7 tu kwenye boti ya futi 14 yanakaribia robo tani, na boti ilijengwa kubebwa na maji kutoka chini, haikujengwa kubeba maji ndani huku imekaa kwenye mbao mbili za trela. Funika riveti za chini, basi. Weka magogo chini ya mkuku pale trela halishiki. Acha saa moja, maana zipo zinazotoa tone kila dakika kumi.

Riveti inacheza, niibadilishe?

Igonge kwanza. Mnahitaji kuwa wawili, mmoja yuko nje kashikilia chuma kizito (kichwa cha nyundo kubwa kinatosha) kwenye kichwa cha riveti, mwingine yuko ndani anagonga mkia wake kwa nyundo ya kichwa cha duara. Gonga kidogo kidogo mara nyingi, usitwange mara moja kwa hasira, ukitwanga bati la pembeni linatanuka na riveti za jirani ndo zinaanza kuvuja. Mimi nilisaidiwa na mzee mmoja wa Baraka aliyewahi kutengeneza mitumbwi ya mbao, yeye nje mimi ndani, tukawa hatuonani, tunaongea kwa sauti ya nyundo tu, sauti ikiwa butu bado, ikianza kulia kavu imekaza. Riveti 60 na kitu tulizimaliza asubuhi moja.

Ikigoma kukaza au kichwa kimelika, itoe: toboa kichwa kwa drili katikati kabisa, sukuma mkia nje, tia riveti mpya ya alumini isiyo na tundu, yenye unene uleule. Urefu wake ni unene wa mabati yote mawili ukijumlisha mara moja na nusu ya kipenyo cha riveti. Ichovye kwenye gundi ya boti ya poliyurethani kabla ya kuiingiza.

Zile riveti za bastola za kawaida zina tundu katikati, maji yanapita humo, na ule msumari wake mara nyingi ni wa chuma. Kama ni mahali mkono haufiki ndani, nunua zile za bastola zilizozibwa mwisho, za alumini tupu.

Si nipake tu silikoni, au ile lami ya paa, yaishe?

Naelewa hamu, Juni imefika na samaki wanakula. Lakini silikoni haishiki vizuri kwenye alumini inayojikunja, na ikishapakwa hakuna rangi wala epoksi inayokaa juu yake, inabidi uikwangue yote. Lami ya paa nayo inapasuka na inaficha riveti mbovu usiione tena. Nyumbani mashua ya mbao tunaipiga kalafati, pamba na mafuta zinaingia kati ya mbao, mbao inavimba, inajifunga. Alumini haivimbi. Kila unachopaka juu kinategemea bati la chini lisicheze, kwa hiyo kaza kwanza, paka baadaye.

Baada ya kukaza, kuna epoksi laini za kuziba mishono ya boti, kama Gluvit, unapaka ndani juu ya riveti na mishono. Ndani, sio nje, ili isikwanguliwe na mawe ufukweni. Bati liwe limesafishwa kwa asitoni na limekauka, na hali ya hewa iwe ya joto, ukipaka gereji ikiwa baridi haigandi.

Kuna ufa au tundu. Nichomelee?

Ufa mfupi: toboa kitundu cha milimita 3 kwenye kila ncha yake, hapo unausimamisha usiendelee. Kisha kata kiraka cha bati la alumini (ulizia namba 5052), kona uzizungushe, kiweke na gundi katikati na riveti kuzunguka.

Kuchomelea kunafaa akifanya fundi anayechomelea alumini kila siku. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi kukuonya, wakati ule utando wa juu yake, ile ngozi inayoilinda, unahitaji zaidi ya nyuzi 2,000, na bati lenyewe lina unene wa kama milimita moja na nusu, kwa hiyo fundi wa mageti atakuachia tundu kubwa kuliko ulilompelekea. Na ukichomelea karibu na mstari wa riveti, joto linazilegeza zote za jirani. Zile fimbo za kuyeyusha kwa gesi ya kupikia zinafanya kazi kwenye tundu dogo lililo safi kabisa, mimi nimeziba mawili hivyo na yameshika.

## Mbao, fomu na viti

Tezi imeoza. Naanzia wapi?

Toa mashine, toa vyuma vya kona na bolti, ubao wa zamani utoe mzima kadiri unavyoweza hata kama unabomoka, ndo kipimo chako. Wangu ulitoka vipande kama keki, nikavipanga juu ya boksi nikachora. Pima unene wake, nyingi ni inchi moja na nusu, yaani plaiwudi mbili za robo tatu zilizogundishwa pamoja. Tumia plaiwudi ya nje au ya boti isiyo na mapengo ndani, gundi isiyoogopa maji, bana kwa vibanio usiku mzima.

Kazi yenyewe iko kwenye kingo. Maji hayaingii kwenye uso wa plaiwudi, yanaingia kwenye kingo na kwenye matundu. Paka epoksi kingo zote mara tatu, na kila tundu la bolti litoboe kubwa kuliko linavyotakiwa, lijaze epoksi, likikauka toboa tena saizi ya bolti katikati ya hiyo epoksi. Hivyo bolti haigusi mbao kabisa. Bolti ziwe za stenlesi, na gundi ya boti chini ya kila kichwa. Ule mrija wa kutolea maji mara nyingi ni wa shaba nyeupe, ukichoka weka wa plastiki.

Mbao zilizotiwa dawa si ndo bora zaidi? Haziozi.

Hapana, na hili ndo kosa linaloniuma zaidi kwa sababu mtu anakuwa amefanya kwa nia njema na kwa gharama. Dawa nyingi za mbao zinazouzwa madukani zina kopa (shaba nyekundu). Kopa ikigusana na alumini penye unyevunyevu, alumini ndo inaliwa, kama betri inavyojitumia.

Nilipoinua zulia la boti yangu, ngamani (chini kabisa ndani ya boti), kwenye tope jeusi karibu na taruma la pili, kulikuwa na senti moja ya Marekani, ya kabla ya 1982, wakati senti bado zilikuwa karibu zote kopa. Nilipoigusa haikutoka. Niliibandua kwa ncha ya kisu, chini yake kulikuwa na unga mweupe kama chumvi mbichi, nikaukwangua unga, kidole kikahisi baridi ya hewa. Tundu la mviringo, saizi ya senti, jua la gereji linapita. Senti moja. Sasa fikiria ukuta mzima wa ubao uliolowa dawa umekumbatia tezi miaka kumi.

Kwa sababu hiyohiyo usipake rangi ya kuzuia konokono yenye kopa, usifunge skrubu za chuma, na kila ukitoka ziwani okota risasi za ndoano na sarafu ngamani.

Fomu ya ndani ya viti imelowa, niitupe?

Itupe, lakini usiendeshe boti bila kuweka nyingine. Nimeona watu wanatoa magunia mawili ya fomu nzito, boti inakuwa nyepesi, wanafurahi, wanaishia hapo. Ndugu yangu, mashua ya mbao ikijaa maji mara nyingi bado inaelea, unaishikilia. Alumini ikijaa maji na mashine nyuma inakwenda chini moja kwa moja, nyuma kwanza, na maji ya ziwa la huku mwezi wa tano yanakukaza mikono kwa dakika chache. Ile fomu ndo inayokufanya uwe na kitu cha kushika.

Fomu kavu yenye vitundu vilivyofungwa, zile bodi za bluu au pinki za ukuta wa nyumba, inafaa na unaikata kwa kisu. Kila lita inabeba karibu kilo moja. Rudisha ujazo usiopungua uliotoa, na sehemu kubwa iwe juu pembeni na nyuma karibu na mashine. Usiibane hadi chini, acha nafasi maji yapite kwenda kwenye kizibo, fomu iliyokaa kwenye dimbwi ndo mwanzo wa kilichokukuta. Na isiguswe na petroli, bodi hizi zinayeyuka.

Naweza kutoa kiti cha katikati nipate nafasi ya kusimama?

Usitoe. Kile kiti kinashikilia mbavu mbili zisifunguke, na ndani yake kuna fomu. Ukikitoa boti inaanza kujikunja na riveti zako zote ulizogonga zinaanza upya. Vilevile jukwaa la juu la kusimamia mbele, lile wanalojengea boti za mashindano, kwenye boti nyembamba ya futi 14 linapandisha uzito juu, watu wawili wakiegemea upande mmoja mnaogelea. Sakafu nyepesi ya plaiwudi inatosha, iwe inatolewa, na isiwe na zulia.

## Rangi

Lazima niipake?

Sio lazima. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, alumini tupu inakaa yenyewe. Mimi nje niliiosha nikaiacha, ndani nikapaka kijivu cha maziwa ili jua lisinirudi machoni. Ukitaka kupaka: parua kwa msasa au Scotch-Brite, usitumie brashi wala steelwuli ya chuma maana inaacha chembe zinazoota kutu, futa kwa asitoni, na praima ya kung'ata alumini uipake siku hiyohiyo kabla ule utando haujarudi mnene. Bila hiyo praima rangi inabanduka kama ganda la yai.

Rangi ya zamani naitoaje?

Rangi za zamani huenda zina risasi, na ile praima ya njanonjano ya kijani ina kromiamu ambayo ni sumu. Msasa uwe wa maji, vaa barakoa ya maana, watoto wasikae hapo. Usitumie magadi makali wala dawa ya kusafishia oveni, vinakula alumini. Zile asidi za kung'arisha alumini baadhi zina asidi inayopenya ngozi hadi mfupa bila kuuma mwanzoni. Sizigusi.

## Mashine na umeme

Niweke mashine ya nguvu gani?

Soma kibati cha uwezo, boti ndogo za kuanzia mwisho wa 1972 zinacho, kinataja nguvu za juu, uzito na watu. Usikivuke, tena tezi ya miaka 50 mimi naipa chini ya hapo. Pima pia kimo cha tezi: inchi 15 ni mashine ya mguu mfupi, 20 mguu mrefu. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu propela inavuta hewa, mguu mrefu kwenye fupi unakwangua mawe.

Waya wa hasi nifunge kwenye mwili wa boti kama kwenye gari?

Hapana kabisa. Kila taa na pampu iwe na waya zake mbili zinazorudi kwenye betri, na fyuzi karibu na betri. Umeme ukipita kwenye bati, bati linaliwa.

## Siku ya kuingia majini

Nisisahau nini?

Kizibo. Na hapa Minnesota ukitoka majini sheria inataka ukitoe na usafiri kikiwa kimetolewa, umwage maji yote na kutoa majani, kwa ajili ya kuzuia kome wa zebra wasihamie ziwa lingine. Kwa hiyo kikitoka kifunge kwa kamba kwenye ufunguo wa mashine, usije ukawasha bila kukirudisha.

Jaketi okozi moja kwa kila mtu, linalomkaa, na watoto chini ya miaka 10 walivae muda wote boti ikitembea. Watu wa ziwa tunajiamini kwa kuogelea, ila tulijifunzia kwenye maji ya joto. Trela: grisi kwenye beringi, taa, na tairi zenye nyufa zibadilishe hata kama zina upepo.

## Maswali ya pembeni

Nataka kuituma nyumbani, ikavue Tanganyika.

Hili naulizwa kila mwaka na najua linatoka moyoni. Ningekushauri usitume hii. Boti ya futi 14 ina kuta fupi, imetengenezwa kwa maziwa madogo, na Tanganyika kusi likianza kuvuma mnalijua wenyewe. Halafu ikitoboka, fundi wa mbao yupo kila mwalo, lakini fundi wa alumini na riveti zake utamtafuta mbali. Nauli ya kontena hiyo inakusaidia kununua mashine nzuri ya mtumbwi uliojengwa kulekule.

Kama ni kwa bahari ya chumvi, huku au huko, mambo ya swali la mbao zenye dawa yanakuwa makali mara nyingi zaidi: vipande vya zinki kwenye mashine, vile vinavyoliwa badala ya mashine yenyewe, sio vya magnesiamu vya maji baridi, na kuosha kila siku.

Nimefanya yote, bado inaingiza kikombe kimoja kwa siku nzima.

Iache. Boti ya riveti ya miaka 50 yenye kikombe kimoja jioni ni boti nzima. Weka alama ya rangi ngamani pale maji yanapofika jioni, kila safari uangalie. Mstari ukibaki palepale vua samaki wako, ukipanda vidole viwili rudi kwenye chaki na mpira wa maji.